Kijitabu Tulichokipanga Mara Mbili

Vijana, baraza mnayoikalia jioni ni yangu, na dirisha langu liko juu ya vichwa vyenu, kwa hivyo msiseme nimewategea sikio. Nimewasikia. Mmoja anaapa kwamba dini yake haijamdhulumu mtu tangu iletwe duniani, mwingine anamjibu kwa kumtajia vita vya Ulaya, na nyote mnapiga kelele kama kwamba mlikuwapo. Basi leo mtanisikiliza mimi. Nilikuwa mpanga herufi katika nyumba ya chapa hapa hapa Mombasa. Nimepanga sala za Wakristo, dua za Waislamu na matangazo ya sabuni, herufi moja moja, kwa vidole hivi. Nitawaambia nilichokiona, na atakayechukia na achukie. Nimeshachukiwa na watu wazito kuliko ninyi.

Tajiri yangu alikuwa Mgoa, Mhindi wa Goa, Bwana Kaitano, Mkatoliki, mtu mfupi ambaye masharubu yake yalikuwa na wino siku zote na hakuna aliyethubutu kumwambia. Nyumba yake ya chapa ilikuwa chini ya ghorofa moja si mbali na Ngome, nami nikitoka kwetu mtaa wa Kuze kwa miguu kila asubuhi. Reli ilikwisha fika bara wakati huo. Mji ulijaa makarani, na ghafla kila mtu alitaka kitu chake kipigwe chapa.

Ninyi mna mashine inayotema mstari mzima kwa kubonyezwa. Sisi tulisimama mbele ya kasha lenye vyumba vidogo vidogo, kibao cha chuma mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiokota. Herufi ya madini ya risasi inakutazama kinyume, kama uso ndani ya kioo, na ukiipanga inakaa kichwa chini. Ndiyo maana herufi n na u zilikuwa adui zetu, kwa kuwa ukiipindua moja umepata nyingine. Kaitano mwenyewe, aliyekuwa akijisifu kwamba hakosei, aliwahi kupanga tangazo la nyumba ya wageni karibu na stesheni. Lilitakiwa kusema, "Kwetu kuna wageni kutoka kila upande." Likatoka, "Kwetu kuua wageni kutoka kila upande," na likabandikwa mji mzima. Mwenye nyumba akaja na tangazo mkononi, hana hata nguvu ya kutukana. Kaitano akalitazama, akamwambia, "Bwana, siwezi kubisha. Mimi sijaonja chakula chenu."

Herufi za Kiarabu ndizo zilizonipatia mimi kazi. Zamani vitabu vyetu vilipigwa kwa jiwe: mwandishi anaandika kwa mkono wake, maandishi yanahamishiwa juu ya jiwe, na jiwe linapiga karatasi. Kaitano akaagiza herufi za risasi kutoka Bombay, na hapo akahitaji mtu aliyesoma chuoni, chuo cha Kurani. Maana kila herufi ina sura zake: ya mwanzo wa neno, ya katikati, ya mwisho, na ya kukaa peke yake. Kasha lake lilikuwa kubwa kama mlango. Nawaambieni, asiye na subira akimaliza ukurasa mmoja wa Kiarabu ama ameipata au ameacha kazi.

Kanuni za Kaitano zilikuwa mbili. Ya kwanza, usile kabla hujanawa mikono, kwa kuwa risasi haina harufu wala ladha, nayo inakuingia taratibu. Ya pili, usisome maana. "Athmani," akiniambia, "wewe okota herufi. Mpangaji anayesoma maana anaanza kubishana na kitabu, na akibishana anakosea." Kanuni ya kwanza naishika mpaka leo.

Mwendesha mashine alikuwa Yohana Mabruki. Alizaliwa katika kijiji cha misheni ng'ambo ya kisiwa, walikowekwa watu waliokombolewa utumwani. Mamake alitekwa akiwa mtoto upande wa Nyasa. Yohana alikuwa na mikono ya kuinua kitanda na sauti nzuri, na siku za Jumapili ndiye aliyesoma Maandiko mbele ya kanisa lao la Kiprotestanti. Tulikula pamoja mchana, mimi, yeye na Kaitano, samaki wa kukaanga na mkate wa mofa, na mji haukupasuka.

Siku moja akaja padri wa Kizungu wa misheni ya kina Yohana. Simsemi vibaya, alikuwa mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha Kaitano. Alileta maandishi ya Kiswahili ya kupangwa kwa herufi za Kiarabu ili Waislamu wayasome. Nikaanza kuokota. Nilipofika katikati nikagundua nimesoma maana. Yalilinganisha dini mbili. Yalisema Ukristo uliugua ukajitibu, na Uislamu uliugua ukamfungia tabibu mlango. Yalisema sisi hatujawahi kuishi na mtu wa dini nyingine ila kwa upanga, na kwamba hajatokea kwetu hata mmoja aliyetaka kutengeneza mambo.

Nikaweka kibao chini. "Bwana Kaitano, hiki sipangi."

"Nilikwambia usisome maana."

"Nimeshasoma. Nijitoboe macho?"

Yohana akazima mashine. "Athmani, ni kazi tu. Mbona mimi napiga dua zenu na sisemi kitu? Na padri hakusema uongo. Sisi tulikuwa na watu waliosimama wakasema kanisa limepotoka. Walitafsiri Biblia ili hata mkulima aisome."

"Na walifanywa nini hao watafsiri?" Kaitano akauliza. Alikuwa akinawa, hakugeuka.

Yohana akajibu, "Wengine walichomwa moto."

"Na nani? Na Waislamu?"

"Na Wakatoliki," Yohana akasema. "Nyinyi."

"Ndiyo. Sisi." Kaitano akajifuta mikono, akaketi. "Na watu wenu walipopata nguvu, wakawazamisha majini Wakristo wenzao kwa ugomvi wa ubatizo. Hilo padri ameliandika? Ngoja niwaambie jambo la kwetu Goa. Wazee wangu walikuwa Wahindu. Wareno wakaja, wazee wakawa Wakristo. Wengine walitaka, wengine walitakiwa. Halafu wakaletwa mahakimu wa kanisa wa kuchunguza nani bado anafuata ya zamani. Mnajua walichunguza nini? Wali. Mhindu alipika wali bila chumvi. Jirani akionja wali wako usiwe na chumvi, anaweza kukushtaki. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa akitia chumvi mbele ya dirisha, watu wamwone. Mahakimu walikuwa wameshaondolewa zamani, yeye hata hakuwaona. Mambo hayo aliyaona kwa mamake, mamake kwa bibi yake."

"Na bado wewe ni Mkatoliki?" nikamuuliza.

"Kila Jumapili," akasema. "Ni dini yangu. Kwa nini niwaachie wao?"

Hilo neno, vijana, sijalisikia tena kwa ufupi kama ule.

Lakini mimi nilikuwa nimefurahi. Nilitoka pale kifua mbele, nimeshapata silaha, nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Nasoro. Huyu alikuwa na chuo chake hapa Kuze. Alikuwa bado kijana, amesoma Unguja na Hijazi, ndevu hazijajaa, na wazee walikuwa hawajaamua kama wamheshimu au wamkanye. Nikamhadithia yote. Hakulala akaandika jibu, na baada ya siku chache akaja nalo nyumba ya chapa, akatusomea kwa sauti ya mimbari. Alisema Banyani wana hekalu lao hapa Mombasa, Mabohora wa Kishia wana msikiti wao, na sultani aliwapa wamisheni ardhi ya kujenga kanisa. Alisema Wayahudi walipofukuzwa Andalusi, kule Hispania, na wafalme wa Kikristo, nchi za Kiislamu ndizo zilizowapokea. Mimi napiga paja kwa furaha. Kisha akasoma, "Uislamu haujamlazimisha mtu, wala haujamfunga mtu kwa fikira zake, wala haujamdharau mtu kwa asili yake."

Yohana akasimamisha mashine.

"Mwalimu," Yohana akasema, kwa adabu, "niruhusu nikuulize. Jina langu la pili wajua lilikotoka?"

"Mabruki? Ni jina zuri. Maana yake mwenye baraka."

"Babangu alipewa na aliyemnunua. Jina alilopewa na mamake hatulijui. Alisilimishwa, akafundishwa kusali, na siku ya Ijumaa akaambiwa akae safu ya nyuma pamoja na viatu. Alipotoroka akafika kwa wamisheni, walimpa jina jingine nao. Yohana ni langu mimi, lakini Mabruki nimeling'ang'ania, ili mtu akisoma sentensi kama hiyo yako niwe na la kumwonyesha."

Nilitaka kumtetea Mwalimu. Lakini nilikuwa nasali katika msikiti wetu kila Ijumaa, na safu ya nyuma nilikuwa naijua, na watu wake nikiwajua kwa majina ya mabwana wa baba zao.

Mwalimu Nasoro aliketi juu ya robota la karatasi. Nilidhani atakasirika. Akasema polepole, "Na lile la kufunga watu kwa fikira zao, nimeliandika mimi, na mimi ndiye nisiyefaa kuliandika. Ami yangu alifungwa Unguja. Mtawala na ami walikuwa wa dhehebu moja, ami akahamia dhehebu jingine, akalisomesha. Wote Waislamu, kibla kimoja. Alitoka gerezani hawezi kunyoosha mgongo." Akalikunja jibu lake akalitia mfukoni. "Kaitano, nipe siku."

Aliporudi alikuja na maandishi mengine kabisa. Hayakumjibu padri. Yalituhusu sisi. Yalisema watoto wetu wanakariri wasichokielewa, na mwalimu akieleza maana kwa Kiswahili anaambiwa anaharibu. Yalisema wasichana wanafunzwa kusoma na kukatazwa kuandika, eti wataandikia wanaume barua, kana kwamba wavulana wetu huandika hadithi za mitume tu. Yalisema mtu asiulizwe ukoo wake ndani ya nyumba ya Mungu. Kisha yakasema, nami nayakumbuka kwa kuwa niliyaokota kwa mkono wangu: "Wakristo walichomana moto kwa ugomvi wa kutafsiri kitabu chao, kisha wakajifunza. Je, nasi tungoje mpaka tuchomane?" Mwisho alikumbusha kwamba Waislamu wa mwanzo, walipoteswa Makka, walikimbilia Habasha, na aliyewapa hifadhi alikuwa mfalme Mkristo.

Kaitano akamwendea padri akamwambia atapiga vyote viwili, chake na cha Mwalimu, au asipige hata kimoja. Padri akajibu kwa upole kwamba hawezi kupeleka kazi mahali panapochapwa mambo ya upande wa pili. Akachukua maandishi yake, na kazi zote za misheni zikamfuata. Wazee wa kanisa wakamwita Yohana, wakamtaka aache kazi kwetu. Akakataa, nao wakamwondoa kwenye usomaji wa Jumapili. Alikuja Jumatatu akaendesha mashine siku nzima bila kuimba, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jinsi ile mashine ilivyokuwa na kelele.

Upande wangu, habari ilifika Kuze kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Mkwe wangu, Mzee Hamadi, alikuwa mkubwa wa jamaa wanaosimamia msikiti wetu. Alikuja nyumbani, hakuvua viatu.

"Athmani, wataka kutuvua nguo mbele ya makafiri?"

"Baba, nakushika miguu. Kuna uongo gani mle?"

"Sijauliza uongo. Nimeuliza nguo."

"Mimi naona tumeshakuwa uchi, Baba. Tunachogombania ni nani aseme."

Akamtazama binti yake, Mwanaesha, mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ukumbi. "Hii kazi ikiendelea, huyu yuwarudi kwangu."

Niliendelea. Msinione shujaa, nilikuwa na hofu mpaka vidole vikawa vinachanganya makasha. Mwanaesha akachukuliwa siku ya Alhamisi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Mzee Hamadi akaja nyumba ya chapa na wazee wenzake. Kurasa zote zilikuwa tayari zimefungwa ndani ya fremu zake za chuma, juu ya meza, zinasubiri kuingia mashineni. Jasho la majuma, vijana. Kaitano akasimama mlangoni na masharubu yake ya wino akasema hii ni nyumba yake. Mzee Hamadi akampita kama anavyopitwa mtu mfupi. Akauliza, "Ndizo hizi?" Hakungoja jibu. Alitia fimbo chini ya fremu akainua, moja baada ya nyingine, na kila herufi ya Bombay ikaenda sakafuni.

Hamjui sauti ile. Ni kama mvua ya changarawe, halafu kimya.

Wakaondoka. Kisha nikapiga magoti nikaanza kuokota. Nilikuwa nimekasirika mno, sikuweza kufanya jambo jingine. Yohana akapiga magoti upande wa pili. Hakujua alifu wala bei, alikuwa anazikusanya tu kwenye kofia yake. Mwalimu Nasoro akaja akatukuta, akakunja kanzu akaketi chini. Kaitano naye. Ilikuwa kazi ya kijinga, maana kuokota ni rahisi, lakini kuzichambua, kila moja chumba chake, tulikuwa tukijua mimi na Mwalimu peke yetu, naye Mwalimu hakuzoea kuzisoma kinyume.

Jumamosi asubuhi mwanamke akasimama mlangoni, ndani ya buibui. Wanawake wa Kuze hawakuwa wakija mahali kama pale. Kaitano akaruka akitafuta kiti.

"Nimesikia mna herufi za kuchambua," akasema. Ilikuwa sauti ya Mwanaesha.

"Babako ajua uko hapa?" nikamuuliza.

"Nimemwambia. Alikuwa anakunywa kahawa. Nilitoka kabla hajatua kikombe." Akaketi, akavuta sinia la risasi mbele yake. "Hii ni nini, jimu? Mbona imegeuka?"

Nikamwonyesha mara moja. Kufikia adhuhuri alikuwa amenipita. Alikuwa hasomi herufi moja moja, alikuwa anaziona kwa makundi, kama mtu anavyochambua mchele.

Mzee Hamadi alikuja alasiri, peke yake safari hii, bila fimbo. Alisimama akimtazama bintiye. Mimi nilijiweka kati yake na meza. Sikupanga kumgusa, lakini kurasa hizo asingezifikia tena bila kunigusa mimi.

"Nani kakufunza kuzijua upesi hivi?" akamuuliza.

"Wewe, Baba. Hapo ukumbini, kila asubuhi, mpaka nikahitimu."

"Nilikufunza usome Kurani."

"Ni herufi zile zile, Baba."

Kulikuwa na ukurasa mmoja tuliokwisha kuupanga upya na kuupiga kwa majaribio. Mwanaesha akauinua akamsomea, mwanzo mpaka mwisho, lile la safu ya nyuma, lile la wasichana, lile la kuchomana moto. Hakupunguza sauti popote. Mzee Hamadi alisikiliza, uso wake kama ukuta. Ulipokwisha akanyoosha mkono akauchukua ule ukurasa, nami nikadhani atauchana. Akausogeza kwenye mwanga, akautazama.

"Hapa mmekosea," akasema. "Neno hili ni kwa herufi swadi, nyinyi mmetia sini. Mkitaka kututukana, mtutukane kwa imla ya sawa."

Akaurudisha akaondoka. Hakukubaliana nasi siku ile, wala sijui kama alikubali mpaka anaingia kaburini. Lakini Mwanaesha alirudi kwangu jioni ile, nikamfunza kuandika, na mwezi ule ule akaanza kuwafunza wasichana wa jirani, ukumbini kwetu, mlango wazi.

Tukapiga chapa vijitabu. Vingine vilichanwa hadharani, vingine vilisomwa kwa siri. Mwalimu Nasoro alipoteza zaidi ya nusu ya wanafunzi, na hakukipunguza kijitabu hata mstari. Kaitano alikaa muda mrefu bila kazi za misheni, akawa anapiga matangazo ya sabuni na kusema sabuni haina madhehebu. Na Yohana, vita vya Wajerumani vilipokuja, alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na hakurudi. Kanisa lake lilimsomea sala. Nilikwenda nikasimama ndani, na kofia yangu kichwani, na hakuna aliyenitoa.

Lakini ninalotaka mlishike ni Ijumaa ile ya kwanza, kijitabu kilipotoka. Nilichukua furushi nikaenda nikasimama kwenye ngazi za msikiti wetu, watu wanatoka. Mmoja alitema mate karibu na viatu vyangu. Wengine walinipita kama nguzo. Mwisho wakatoka watu wa safu ya nyuma, na kati yao mzee mmoja aliyekuwa akichota maji ya udhu pale tangu mimi mtoto. Akasimama.

"Hicho ndicho kinachosema habari zetu?"

"Ndicho, mzee."

"Mimi sikufunzwa kusoma," akasema. "Nisomee."

"Hapa?"

"Wapi tena?"

Nikafungua ukurasa wa kwanza nikaanza. Nyuma yangu mlangoni wazee wakasema ninyamaze. Nikapandisha sauti.